Likizo ndefu hii, tusilale

Habari zenu wachumi. Najua wengine mmeshafika nyumbani, pumzikeni kidogo. Ila kwa mnaotaka kazi za fedha, fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) peke yake haitoshi. Mara nyingi unaishia kutoa kopi na kupanga mafaili. Chukueni taarifa za robo mwaka za CRDB na NMB, benki zote mbili zimeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, muziingize kwenye Excel: mikopo chechefu (ile isiyolipwa kwa wakati), faida, uwiano wa gharama na mapato. Ipi iko vizuri zaidi, na kwa nini? Andika ukurasa mmoja tu, huo ndio utakaouonyesha kwenye usaili. Ukikwama uliza hapahapa, hatuchekani. Wa CPA, yaani mitihani ya uhasibu wa kitaaluma, fuatilieni usajili mapema NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mimi nilichelewa.