Makaki, maharagi na ufunguo uliopotea

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Lubumbashi, Kongo, komini yetu inayoitwa Kenya (si ile nchi), huku mvua imekataa kuisha na avenyu yetu imegeuka mto. Wiki iliyopita nilisoma kwenye ukurasa wako wa barua ndugu mmoja anasema alipita kwa kanisa letu ya Kimethodisti siku ya Jumapili na akachukizwa, eti tulichanganya jambo kubwa la ubaguzi wa rangi na matangazo ya maharagi, mazoezi ya korali na ufunguo uliopotea. Anasema kanisa la maana lingeweka siku maalum, na semina, na bango, na mgeni wa kuongea. Sawa. Sasa mimi ndiye niliyesoma hayo matangazo, ni kazi yangu mwaka wa 11 huu, ninayaandikaka kwenye kaye (daftari) ya mtoto wangu, kwa hiyo unipatie nafasi kidogo nieleze ile Jumapili ilivyokwenda, maana huyo ndugu aliingia kwenye wimbo wa tatu na akatoka kabla ya baraka. Nilimuona.

Mambo yalianzia kwenye ushuhuda. Kwetu kabla ya mahubiri watu wanasimama wanashukuru, huyu amepona malaria, yule mtoto wake amepita eksamu ya serikali. Akasimama papa (baba) mmoja, shofere wa kamyo kwenye mgodi mmoja wa wageni nje ya mji (jina la mgodi sitaji, wala nchi ya wakubwa wake sitaji, ingekuwa barua nyingine). Ni mtu wa kimya, shemasi, ndiye anabebaka sanduku la sadaka upande wa kushoto. Akasema kule karyeri (machimboni) hakuna kivuli, jua lilikuwa kali, akakunywa maji kwenye kikombe kilichokuwa kwenye meza ya wakubwa. Shefu wake akakichukua kile kikombe akakitupa mbele ya wote, akamwita makaki, yaani nyani. Na kwa sababu alijibu, wakamkata mshahara wa siku 3. Alipomaliza hakulia wala hakupandisha sauti, alisema tu "Bwana asifiwe", kwa mazoea, vile tunamalizaka ushuhuda sisi wote, na kanisa zima likaitika "Amina", kwa mazoea vilevile. Halafu kukawa kimya kibaya sana. Tulijisikia wenyewe tumeitikia amina kwa kitu gani.

Kwa vijana makaki ni tusi kama matusi mengine. Lakini benchi la mbele kwetu wanakaa wazee waliozaliwa mji huu ukiitwa bado Elisabethville, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, na wao neno hilo wanalijua kwa ngozi. Mzee mmoja akaomba mikro, umeme ulikuwa umekatika, hakuna mikro, akasema hivyohivyo na sauti yake ya kukwaruza. Akatukumbusha mji wa wazungu upande ule, cité ya weusi upande huu, Kamalondo na Kenya yetu, katikati uwanja mtupu ulioachwa makusudi, na usiku mweusi akikutwa kule mjini bila karatasi anakamatwa. Baba yake alitaka ile kadi ya mérite civique, ile iliyoanza 1948, ya kuonyesha umestaarabika. Wakaja kukagua nyumba. Wakaangalia kama wanakula na uma, wakafungua chungu, wakaenda mpaka chooni. Kadi hakupata. Mzee akasema, "Baba alikuwa mwimbaji wa kanisa, lakini hakuna siku alituambia ile habari ndani ya kanisa, alituambia nyumbani, mlango umefungwa." Na akaongeza kwamba mhubiri wetu Mkongomani Simon Kimbangu alifia humu humu mwetu, kwenye jela ya mji huu, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo, na kosa lake lilikuwa ni kuhubiri bila kumuomba mzungu ruhusa.

Pasta alikuwa ametayarisha mahubiri ya fungu la kumi (tulishukuru kimoyomoyo yalivyowekwa pembeni). Akafungua Matendo ya Mitume sura ya 6. Hapo ndipo ningependa yule ndugu yetu angekaa asikilize. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa chakula wa kila siku, wajane wa wenyeji wanapewa. Ni mambo ya sahani hayo, mambo ya nani amepata na nani amerukwa, yaani mambo ya matangazo. Kanisa likachagua watu 7 wa kusimamia mgao, na Pasta akatusomea majina polepole: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Ni majina ya Kigiriki yote. Kapu walikabidhiwa watu wa upande ule ule uliokuwa unalalamika! Mimi miaka yote nimesoma ile orodha kama orodha ya mpira, sijawahi kuona hilo. Na wengi wanasema ushemasi ulianzia pale, na shemasi wetu alikuwa ameketi pale pale na sanduku lake magotini.

Ndipo ikafika zamu yangu, nikasoma kama karatasi zilivyonifikia mkononi. Mama wa Kipendano (kikundi cha wanawake wa kanisa) wanaomba kila familia ilete meka (kopo la kupimia) moja ya maharagi kwa ajili ya wagonjwa. Watu watatu watamsindikiza papa shofere kesho Jumatatu mgodini na barua ya kanisa, na sadaka ya pili ya leo ni ya kumrudishia zile siku 3 alizokatwa. Korali Alhamisi saa kumi, sauti ya nne wasichelewe tena. Kuna ufunguo umeokotwa chini ya benchi la sita, una kamba nyekundu. Sasa bwana ndugu, hapo ungetaka niweke wapi lile la mgodi, juu kabisa na mistari chini? Ningeliweka peke yake watu wangesikia uchungu, wangetoka, wangekula bukari (ugali), basi. Lilivyokaa kati ya maharagi na korali kila mtu alijua ni kitu cha kufanywa kesho yake na watu wanaojulikana.

Walikwenda kweli. Pasta, mwalimu mmoja wa sekondari anayejua kuandika barua za kiserikali, na mama mwenyekiti wa Kipendano ambaye hakuna aliyemuita, alikuja mwenyewe na termo ya chai na vikombe vya kanisa ndani ya kikapu. Waliwekwa kwenye bariera tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane. Mama akawa anamimina chai, walinzi wakanywa, mashofere wengine wakanywa, na mwisho akatoka mtu wa ofisi, mgeni, kuwaambia warudi siku nyingine, naye akapewa kikombe, ile kikombe ya bati tuliyokuwa tunanywea wote, na kwa sababu watu wote walikuwa wanamwangalia akakinywa. Hapo ndipo walipoingia ofisini. Siku 3 zililipwa baada ya wiki mbili. Msamaha hakuna aliyeuomba mpaka leo, na papa alihamishiwa zamu ya usiku, jambo ambalo wao wanasema ni la kazi tu. Sitaki kuandika hapa kwamba tumeshinda. Mke wake analalamika sasa hamuoni.

Na sisi Wamethodisti tusijidai. Kanisa letu mama la Marekani kuanzia 1939 mpaka 1968 liliwaweka makanisa ya weusi kwenye jimbo lao peke yao, wazungu waligawanywa kwa maeneo, weusi kwa rangi, popote walipoishi nchini. Miaka hiyo hiyo mamisionere walikuwa hapa Katanga wanatufundisha kuimba kwamba sisi sote ni wamoja! Mimi siwatukani, shule walijenga, hospitali walijenga, na 1964 askofu wa kwanza Mkongomani, John Wesley Shungu, akachaguliwa. Lakini Richard Allen na wenzake weusi kule Philadelphia walishaona mapema, walichoka kusukumwa pembeni ndani ya nyumba ya maombi, na 1816 wakaunda kanisa lao la AME (African Methodist Episcopal). Watu wanadhani waliondoka kwa sababu ya mafundisho. Ilikuwa ni mambo ya nani anapiga magoti wapi.

Ngoja nitoe na mfano wa karibu. Tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Brussels iliihukumu serikali ya Ubelgiji kwa jinai dhidi ya ubinadamu, kwa habari ya mama watano metis, waliochukuliwa kwa mama zao hapa Kongo wakiwa watoto wadogo kwa sababu tu baba alikuwa mzungu na mama mweusi, wakawekwa kwenye misheni ya Kikatoliki Katende huko Kasai. Serikali ndiyo ilitoa amri. Lakini uji nani alipika? Sala za jioni nani aliongoza, nguo nani alihesabu, majina nani aliandika kwenye kitabu? Ubaguzi ule ulikuwa na ratiba, ulikuwa na kengele ya asubuhi, uliamka na kulala pamoja na kanisa. Ndiyo maana mtu akiniambia jambo hili ni kubwa mno kwa matangazo mimi ninashangaa kidogo, maana lenyewe halikuwahi kujiona kubwa mno kwa jikoni ya misheni.

Sasa sehemu ambayo nilijiuliza kama niiandike. Jumatano yake, kwenye maombi ya katikati ya wiki, bado tuko na moto wa mgodi, kila mtu anasema makaki makaki, hatutakubali, akasimama mama mmoja wa Kasai, wa wale waliofukuzwa huku Katanga. Anauza sombe (kisamvu) sokoni, anaimba sauti ya pili, kila mtu anampenda. Akasema, "Mimi nilizaliwa Likasi, baba yangu alifanya kazi Likasi. 1992 balikuwa banatuita bilulu. Tulilala kwenye stasio tukingoja treni, mutoto wangu wa kwanza alifia pale. Korali yangu ilipita kwenye barabara, na uniforme yao, walikuwa wanaenda mazoezi. Hakuna aliyegeuza kichwa. Makaki ni nyani, na bilulu ni wadudu, sasa ninyi mulionisomea leo kwamba wote ni mfano wa Mungu, siku ile mulikuwa wapi?"

Bwana Mhariri, hapo hata amina ya mazoea haikutoka. Wengine walikasirika, nisifiche. Mmoja alisema ile ilikuwa siasa, si rangi, mwingine akasema hata sisi kuna mambo tulifanyiwa, kelele ikaanza, na Pasta ambaye ni Mkatanga wa kuzaliwa akakaa chini kwenye ngazi ya mimbari mikono kichwani. Mimi mwenyewe nilikuwa kijana 1992, sikupiga mtu, lakini kitanda nilichonunua wakati huo nilikinunua kwa bei ambayo nilijua kabisa kwa nini ni ndogo. Hilo sijawahi kulisema kwenye ushuhuda. Ninaliandika hapa kwa sababu hapa sina wa kunitazama.

Tangu hapo kumefanyika vitu vidogo tu. Kwenye komite tulihesabu viti kwa mara ya kwanza, tukakuta anayetoka Kasai ni mmoja tu, na kazi yake ni kufagia! Sasa wako watatu na mmoja wao anashika funguo za kasha la pesa. Fomu ya ndoa ilikuwa na mstari wa "kabila ya wazazi", hakuna anayekumbuka nani aliuweka, tumeufuta. Na kile kiti cha sofa kinachotolewaka nyumbani kwa Pasta kila akija mgeni mzungu, hata kama ni kijana wa miaka 20 anayepita na begi mgongoni, mama wa Kipendano wamekataa kukibeba tena, wanasema akae benchini, mgongo wake si wa kioo. Hili la mwisho limeleta ugomvi kuliko yote, wazee wanasema ni kukosa adabu ya kupokea wageni, na bado tunabishana.

Papa shofere sasa anakuja kanisani moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, macho mekundu, anasinzia kwenye mahubiri, na mama wa sombe amehamia benchi lake ili amguse begani sadaka ikifika. Semina hatuna, bango hatuna. Ndugu yule akitaka kurudi karibu, ibada inaanza saa tatu, kwa ukweli saa tatu na nusu, na akae mpaka baraka.

Halafu ule ufunguo wenye kamba nyekundu bado uko kwangu. Kama ni wake, aje auchukue.

Msomaji wako,
Msoma matangazo, Lubumbashi