Saa yangu ilikuwa na waume wawili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu saa. Najua wasomaji wengi wana shida kubwa kuliko saa, lakini hii imenilia fedha na imenilia picha, kwa hiyo univumilie.

Mimi ni mstaafu. Nimekaa chumba cha injini katika meli za Ziwa Victoria, hapa Mwanza, miaka 29. Nilipostaafu sukari ikapanda, daktari akaniambia nitembee, na binti yangu aliyeko Dodoma akaninunulia saa ya michezo yenye GPS, ile ya kujua ulipo kwa setilaiti, ili awe anaona kama kweli baba yake anatembea au anashinda barazani akicheza bao. Basi kila alfajiri natoka Kirumba, napita Mwaloni wakati akina mama wanaanika dagaa na makorongo yamejipanga juu ya mabati yakisubiri riziki, naenda hadi kwenye jiwe la Bismarck, narudi. Kama kilomita sita. Nikifika nyumbani saa inatakiwa ikabidhi safari yangu kwa programu iliyo kwenye simu, na simu ipeleke Dodoma.

Majuma mawili mambo yalikwenda vizuri. Baada ya hapo nikawa nafika mlangoni, nafungua simu, inaniambia haina saa. Naunganisha upya, kesho yake hivyo hivyo. Saa kumi na mbili jioni binti anapiga: "Baba, leo tena hukutoka?" Siku hizo hizo nilikuwa nimenunua simu mpya, ila sikuona linahusiana.

Nikaenda kwa mafundi simu mjini. Siwataji. Wa kwanza alisema saa imeingia maji. Wa pili akasema, "Mzee, bando lako dogo, GPS inakula data." Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Mimi nimepanda kwa nahodha usiku katikati ya ziwa, hakuna mnara hata wa dawa, na GPS ya meli inafanya kazi. Setilaiti zile ziko kilomita 20,000 juu, saa inazisikiliza tu kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Wa tatu hakueleza chochote. Aliichukua simu, akaifomati, akanirudishia tupu kama imetoka dukani, akadai shilingi 15,000. Nikauliza picha zangu ziko wapi. Akasema, "Si ulitaka ipone?" Na kupona kwenyewe haikupona. Kuanzia siku hiyo saa ilikataa simu kabisa, hata ile siku moja moja ya kuelewana ikaisha.

Leo najua kwa nini, na nitalieleza kwa lugha ya nyumbani. Kukatika mawasiliano na kuachana ni vitu viwili. Mke akienda kusalimia kwao hajaachika, atarudi. Saa na simu zikiunganishwa kwa Bluetooth mara ya kwanza zinafungishwa ndoa, na kila moja inabaki na hati yake ya siri. Fundi alipofomati simu alichoma hati ya mume, ya mke ikabaki. Saa inadai yenyewe ni mke wa simu hii, simu inasema simjui mama huyu. Dawa ni kufuta pande zote mbili, kwenye saa na kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, halafu kufunga ndoa upya kupitia programu ya saa yenyewe. Dakika tano, wala huhitaji kufuta picha ya mtu.

Nililifanya hilo mwenyewe, saa ikarudi. Lakini kuachia njiani kukaendelea. Nikaona sasa nifanye kama zamu ya injini: nibadili kitu kimoja tu, nitazame, niandike. Daftari ninalo hapa mezani. Jumatatu, simu mfukoni, skrini imezima, saa imeachia karibu na stendi ya daladala, haikurudi. Jumanne, simu mkononi, skrini inawaka njia nzima, haikuachia mpaka getini. Getini ikaachia. Jumatano kama Jumanne. Getini tena.

La Jumatatu lilikuwa rahisi. Simu nyingi tunazonunua hapa zinajisifu kwa kutunza chaji, na namna zinavyoitunza ni kuzima kimya kimya programu yoyote inayofanya kazi nyuma ya pazia, hata hiyo inayoshikana na saa. Ukiingia kwenye mipangilio ya betri, ukatafuta programu ya saa na kuiruhusu ifanye kazi bila kubanwa, inaachwa. Nilikuta imenyimwa ruhusa hiyo. Nani aliinyima? Mimi mwenyewe, nilibonyeza "kataa" siku ya kwanza kwa kuogopa matapeli.

Getini palinitesa siku nne. Nilirudia mlango ule kama mwizi, naingia, natoka, natazama mkono, mke wa jirani akachungulia akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Na jibu lilikuwa kwenye ufunguo. Kufungua kufuli natia simu mfuko wa nyuma. Mawimbi ya Bluetooth hayapendi maji, na mwili wa mtu ni maji matupu, kwa hiyo kiwiliwili changu kinasimama katikati na mawasiliano yanakatika sekunde chache. Si kitu, hata kule Bismarck penye uwazi mtupu hukatika na kurudi. Ila pale getini, kabla hayajarudi, kuna mtu ndani anayewahi. Mjukuu wangu wa darasa la tano anachezea gemu kwenye simu yangu ya zamani, na simu ile bado ilikuwa na programu ya saa, na ndoa ya kwanza haikuwahi kuvunjwa! Saa inazungumza na simu moja tu kwa wakati mmoja, basi mume wa zamani akawa anamnyakua mlangoni kila asubuhi.

Kwenye injini tunalijua hili. Injini ikikosa nguvu kwa sababu chujio la mafuta limeziba na papo hapo mrija unaingiza hewa, ukibadili chujio peke yake utasema chujio halikuwa tatizo. Mimi nilikuwa na hitilafu mbili zinazofichana, na ya tatu nikaongezewa na fundi kwa 15,000.

Ndugu Mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki unatuonyesha simu mpya na bei zake. Tupeni na nusu ukurasa wa namna hii: kitu gani hukorofisha, uanzie wapi, usiguse nini. Karatasi iliyokuja na saa yangu ina lugha kumi na moja na Kiswahili hakimo. Na mafundi wetu, kabla ya kufomati, mwulize mzee kama ana picha. Ni sentensi moja.

Zilizopotea ni za siku yangu ya mwisho kazini, 2016, Bandari ya Kusini hapa Mwanza. Tulipiga tukiwa na ovaroli, mafuta hadi kwenye nyusi, mpishi wa meli ameinua sufuria la pilau juu ya kichwa. Wenzangu wawili waliokuwa kwenye picha hiyo wametangulia mbele ya haki. Kama kuna msomaji aliyekuwepo na bado anayo kwenye simu yake, aipeleke ofisini kwenu, mimi nitaifuata kwa miguu.

Mstaafu wa mitambo,
Kirumba, Mwanza