Mwanangu, usikubali jibu la "ni uzee tu"

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Busia, nyumbani sote wazima. Nimepata habari kwamba umemaliza mwaka wa mafunzo ya vitendo hospitalini na sasa unataka kuingia kwenye utafiti wa afya ya wazee. Shangazi zako wanauliza kwa nini usiwe daktari wa upasuaji. Mimi nimefurahi sana.

Katika utabibu wangu wote sikuona wagonjwa waliojibiwa kirahisi kama wazee. Magoti yamevimba? Uzee. Amepotea njia ya kwake? Uzee tu, mrudisheni nyumbani. Kumbe mara nyingi kuna presha, sukari au maradhi mengine ambayo hakuna aliyejishughulisha kuyapima. Madaktari bingwa wa wazee hapa Uganda ni wachache mno, kwa hiyo maswali hayo yanakungoja wewe.

Utaanza na umri wenyewe. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Muulize mama mzee: Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, alipopelekwa uhamishoni mwaka 1953, ulikuwa msichana mkubwa? Bendera ya uhuru ilipopandishwa 1962, ulikuwa umeolewa? Wahindi walipofukuzwa 1972, ulikuwa na watoto wangapi? Akianza kusimulia, mwache amalize. Humo humo atataja alivyoanguka kisimani, jambo ambalo fomu yako haikuuliza.

Na vipimo vya akili uvichunguze kwanza. Kumwambia mtu ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kupunguza saba saba kunampima aliyesoma. Muuza mukene, yaani dagaa, wa sokoni hapa atashindwa, ilhali wadeni wake wote anawajua kwa jina na kwa shilingi. Wenzetu wa Tanzania, wilayani Hai, walisaidia kutengeneza kipimo ambacho mzee hahitaji kuandika. Anapanga njiti za kiberiti. Huo ndio utafiti ninaoutamani kwako.

Kitu kingine, mtoto wa mzee asimsemee. Utamkuta kijana amesimama mlangoni, anasema, "Mama amekubali, chukueni damu." Mketishe kando kwa heshima, umweleze mama mwenyewe kwa lugha yake, shahidi akiwepo, ndipo aweke dole gumba. Akikataa, mshukuru uondoke. Majibu yakitoka, rudi umwambie. Hapa kijijini kwetu waliwahi kuja watu wakachukua damu, wasionekane tena, na hadi leo wazee wanalitaja.

Usidharau pia utafiti unaoonyesha kwamba dawa haisaidii. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya Australia na Marekani, kutoka kwa wazee zaidi ya 19,000 wasio na ugonjwa wa moyo. Aspirini ya kila siku haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, ila iliwaongezea hatari ya kuvuja damu. Fikiria ni wangapi waliokuwa wakiimeza kwa mazoea!

Subira utaihitaji. Kule Kyamulibwa, hapa hapa Uganda, watafiti walianza kuwafuatilia wanakijiji mwaka 1989 kwa ajili ya UKIMWI, na baadaye vijiji hivyo hivyo vikawafundisha kuhusu presha na sukari.

Fedha za utafiti huja kwa mkataba, na mkataba huisha, kwa hiyo usiiache kliniki, hata kama ni siku moja kwa wiki. Shahada ya uzamili ya tiba ni miaka 3. Ada ya mwaka wa kwanza nimeanza kuiwekea akiba. Nijulishe tarehe ya mwisho ya maombi.

Baba yako