Vikundi vya kuzikana viwatazame na wanaoishi peke yao

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuwasemee watu wazima wanaoishi peke yao: wajane, waliotalikiana, na ambao hawakuoa wala kuolewa. Wengi huondoka Dar es Salaam wakiwa na miaka 40 au 50 na kitu, kwa uhamisho wa kazi au kwa kufuata kiwanja cha bei nafuu, wakaenda kuishi Mkuranga, Kisarawe, Mlandizi au Kilosa. Mwaka unakatika hawamjui mtu zaidi ya mwenye nyumba na muuza duka. Sisi ni viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa na vya kufa na kuzikana pande za Mbagala, na watu wa namna hii tunawaaga na kuwapokea kila mara.

Kinachowaangusha wengi ni kurudi Dar kila Ijumaa jioni. Kwa aliye Mkuranga, gari za Rangi Tatu, Mbagala, zipo, nauli si kubwa, mtu anaona hapotezi kitu. Kumbe Jumamosi na Jumapili ndizo siku za vikao vya harusi, mechi za maveterani, mazoezi ya kwaya na hesabu za vikundi. Anayeonekana siku za kazi tu huhesabiwa mgeni wa ofisini hata akikaa miaka mitano. Miezi sita ya mwanzo, wikiendi moja kwa mwezi inatosha kwa Dar.

Pa kuanzia ni msibani. Ukishahamia, peleka barua ya utambulisho kwa mtendaji, kisha ujulikane kwa balozi wa nyumba kumi, kwa kuwa taarifa za misiba hupitia kwake. Ukitangazwa msiba jirani, nenda hata kama marehemu humjui. Penye turubai pana meza, na mezani pana daftari la rambirambi. Toa Sh2,000 au Sh5,000, na uandikishe majina yako mawili pamoja na unapokaa: mpangaji wa Mzee fulani, nyuma ya zahanati. Wafiwa hulipitia daftari lile jina kwa jina, na jina lisilo na makazi huishia kuulizwa tu, "Huyu nani?" Sh50,000 usitoe. Utaonekana mwenye nazo, na kila kamati itakayoundwa itaanzia mlangoni kwako kabla hujapata hata rafiki mmoja.

Ukishatoa, usiondoke. Mwanamume akae na wenzake, asaidie kupanga viti na kuteka maji. Mwanamke aingie uani, ashike kisu amenye vitunguu. Huko uani, katika saa mbili za vitunguu na mchele wa kupembua, atajua kikundi gani ni cha kweli, mweka hazina yupi ana madeni, na kwaya ipi ina nafasi. Habari hizo hazibandikwi kwenye mbao za matangazo.

Kuhusu VICOBA na vikundi vingine vya kununua hisa, uliza kwanza mzunguko unaanza lini. Vingi huvunja na kugawana mwisho wa mwaka, na havipokei mtu katikati, au humpokea kwa sharti la kulipia hisa zote za nyuma. Aliyehamia Machi atasubiri hadi Januari, na kusubiri ni bora kuliko kuingia kikundi cha haraka haraka. Omba kusoma katiba. Angalia kama sanduku lina kufuli tatu na funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti, na kama kikundi kimesajiliwa halmashauri kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Jiunge na kimoja tu. Upweke huwasukuma watu kuingia vitatu kwa mpigo, siku za vikao zinagongana, faini za kuchelewa zinarundikana, na jina linachafuka mapema. Mzunguko wa kwanza usimdhamini mtu mkopo, na uhazini ukipewa ukatae kwa heshima, maana fedha ikipungua mgeni ndiye atakayetazamwa kwanza. Omba kazi ya mapokezi kwenye kamati ya harusi. Anayesimama mlangoni kupokea kadi huzijua sura za nusu ya mji kwa usiku mmoja.

Kusemwa kupo, hasa kwa mwanamke. Ukizoeana na familia, urafiki upitie kwa mama wa nyumba ile kama wewe ni mwanamke, kwa baba kama ni mwanamume. Simu zipigwe mchana. Futari au pilau ya sikukuu ikija kwenye sahani, sahani isirudi tupu. Hata maembe mawili yanatosha kufungua hodi nyingine.

Hayo ni upande wa mgeni. Upande wetu viongozi pana dhuluma ambayo lazima tuiseme. Katiba nyingi za kufa na kuzikana humtaja mwanachama, mwenza, watoto, na wazazi wa pande zote mbili. Mwenye ndoa anaweza kulindwa kwa watu wanane au tisa. Mtu wa miaka 52 asiye na mwenza wala mtoto, aliyekwisha kuwazika wazazi wake, hulipa ada ileile ya kila mwezi kwa ajili yake peke yake. Akifiwa na dada aliyekuwa akimtunza, anaambiwa dada hayumo kwenye katiba. Tunapendekeza kila mwanachama aandikishe idadi sawa ya watu, tuseme sita, awachague mwenyewe: kaka, dada, shangazi, mtoto wa ndugu. Abadilishe orodha mara moja kwa mwaka, na jina jipya lilindwe baada ya miezi mitatu, ili asiandikishwe mtu ambaye tayari yuko mahututi.

Halmashauri nazo zitazame hili. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hukopeshwa vikundi kwa mgawo wa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo imesaidia wengi na hatuipingi, ila vikundi vipya vinaundwa kwa kufuata mgawo huo, na mwanamume wa miaka 50 asiye na ulemavu hana pa kuingia. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anavijua vikundi vyote alivyovipitisha. Abandike ofisini orodha ya vinavyopokea wanachama, siku zao za vikao na bei ya hisa, bila kujali vinakopa halmashauri au havikopi.

Kwa vikundi vinavyogawana Desemba, katiba hufunguliwa kwenye kikao cha kwanza cha mzunguko mpya. Pendekezo la orodha ya watu sita lipelekwe kwa katibu kwa maandishi kabla ya kikao hicho, likiwa na saini za wanachama, wenye ndoa na wasio nayo, lisije likaonekana ni shida ya mtu mmoja.

Viongozi wa vikundi,
Mbagala, Dar es Salaam