Wanajeshi wastaafu wa Tabora tufungue milango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie chama chetu cha wanajeshi wastaafu hapa Tabora, ambacho wanachama wake wengi ni wazee waliopigana vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na ambao kila mwaka, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa inapoadhimishwa, huonekana wamepungua.

Wapo wastaafu vijana waliolinda amani Darfur, Lebanon na Kongo, lakini hawaji, nami siwalaumu. Mkutano ukiitishwa asubuhi ya siku ya kazi, ukaanza kwa kuchelewa na kumalizika kwa kuchangisha rambirambi, dereva wa bodaboda mwenye watoto shuleni atafuata nini? Tukiwasaidia kujaza fomu za mafao, ambazo mara nyingi hurudishwa kwa sababu jina la kwenye cheti cha kuzaliwa limetofautiana kwa herufi moja na lile la kwenye kitambulisho cha taifa, watakuja wenyewe bila kubembelezwa.

Nawakumbuka pia mgambo, waliokwenda vitani bega kwa bega na askari wa JWTZ, wakarudi vijijini kulima tumbaku. Wajane nao, ambao tunawaona misibani tu (aibu yetu hiyo), wapewe kadi za uanachama zenye haki ya kupiga kura chamani. Ada ilipwe kidogo kidogo kwa simu, na viongozi waifuate Urambo na Sikonge badala ya kusubiri watu mjini.

Mwanajeshi mstaafu,
Tabora.