Kwa wanangu wenye bendi ya panki hapa London

Wanangu, salaam.

Nimesikia mmemtoa binti yenu wa gitaa la besi, kisa anakuja mazoezini na gauni la kanisani, eti hafanani na panki, huu muziki wetu wa roki ya kelele. Limeniuma neno hilo. Niko mji huu tangu 1975, na panki ilipopamba moto nilikuwa kijana kama nyinyi.

Panki niliyoikuta mimi ilikuwa ya watu wasiojua kupiga vizuri na wasiosubiri ruhusa ya mtu. Bendi ya Buzzcocks ya Manchester walikopa kama pauni 500, wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakatoa santuri 1,000 kwa lebo yao wenyewe. Nyuma ya jalada wakaandika kila wimbo ulirekodiwa mara ya ngapi, mnunuzi ajionee kwamba hapana uchawi. Mpaka leo sijaona darasa la muziki kama jalada lile. Pale klabu ya Roxy, Covent Garden, santuri za panki zilikuwa chache mno, basi DJ wa pale, Don Letts, mtoto wa Wajamaika, akawa anajaza usiku kwa rege.

Na Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex! Baba yake Msomali, mama mzungu, mdomoni waya za meno, nguo za rangi kali. Aprili 1978 nilimwona Victoria Park, kwenye tamasha la kupinga ubaguzi, sauti yake kama king'ora. Nani angethubutu kumwambia hafanani?

Baadaye magazeti yaliiuza panki kama kioja, koti la ngozi na pini, na maduka yakafuata. Heroini nayo ikaingia; Sid Vicious, mpiga besi wa bendi ya Sex Pistols, alikufa Februari 1979, ana miaka 21. Lakini mimi niliona panki inazimika mapema zaidi, siku tulipoanza kukaguana nguo mlangoni. Wabunifu wakajiondokea. Johnny Rotten mwenyewe, mwimbaji wa Sex Pistols, bendi hiyo ilipovunjika Januari 1978, aliunda bendi nyingine kabisa, na mhimili wake ulikuwa besi nzito ya rege. Besi, wanangu.

Jumamosi nitakuja mazoezini pamoja na binti huyo. Nimezungumza naye, amekubali kwa shingo upande. Mmoja wenu ateremke amsaidie amplifaya yake, ni nzito, na lifti ya jengo lenu bado mbovu.

Mzee wenu