Tai ya shule si kitambaa tu

Mhariri, watu wanachukulia tai ya shule kama urembo tu, kumbe ina mambo yake. Mwaka 1880 wapiga makasia wa Exeter College, Oxford, walitoa utepe kwenye kofia zao wakaufunga shingoni, ndo mistari ikaanza kusema we ni wa wapi. Uingereza mpaka leo mzee aliyesoma Eton, ile shule ya bweni ya matajiri, anayo yake nyeusi yenye vimistari vya bluu mpauko, mwenzake akiiona tu kwenye intavyuu wameshajuana, we mwingine kaa na vyeti vyako (hata kama umefaulu kuliko wao). Alafu kuna ile ya lastiki, fundo limeshonwa tayari, lastiki imelegea inaning'inia kifuani, mtoto anaishikilia kwa kidole asichekwe.

Msomaji wenu